Miti bilioni 15: Idadi yatajwa, mbegu zasahauliwa

TANGU serikali ianzishe kampeni ya kupanda miti bilioni 15 mnamo Desemba 2022, ikilenga mwaka wa 2032, mjadala umetawaliwa na hesabu. Ni wachache wanaouliza miche hiyo inatokana na miti mama mingapi.

Msitu wa Kakamega unaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito. Humo humea mwiritsa, ambao Wakikuyu huuita muiri na wanasayansi Prunus africana. Gome lake hutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi dume inayouzwa Ulaya, biashara iliyofanya mti huo uwekwe chini ya mkataba wa CITES mwaka wa 1995.

Watafiti walilinganisha DNA ya miti mikubwa ya mwiritsa na ile ya miche iliyojiotea msituni. Walichunguza vipande vifupi vya chembe za urithi ambavyo hujirudia mara nyingi au chache, kutegemea mti. Kadiri tofauti hizo zinavyokuwa nyingi, ndivyo jamii ya miti inavyodhaniwa kuwa na akiba kubwa ya kukabili ukame, wadudu na maradhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalitia wasiwasi: miche ilikuwa na tofauti chache kuliko miti iliyoitangulia. Kwa macho, msitu ulikuwa ukizaa vyema. DNA ilisema vingine.

Lawama iliangukia shughuli za binadamu. Miti mikubwa ilikatwa, na msitu ukabaki vipande vipande.

Ikiwa hali ni hiyo msituni, ambako ndege na nyani husambaza mbegu bila malipo, kwenye vitalu hatari ni kubwa zaidi. Mbegu za mwiritsa hazikai muda mrefu kabla ya kupoteza uwezo wa kuota, hivyo mwenye kitalu huokota chini ya mti ulio karibu. Mti mmoja waweza kujaza kitalu kizima, na miche yote ikawa ndugu wa mama mmoja.

Wataalamu wa mbegu hupendekeza miti mama isiyopungua 30, iliyo mbalimbali. Huo ni mwendo mrefu na gharama. Mradi mnunuzi analipia idadi ya miche pekee, bila kudai rekodi ya mahali mbegu zilikookotwa, mwenye kitalu hana sababu ya kuutafuta hata mti wa pili.