Gazoni ya plastiki: nani atateka maji?



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja alibaki nyuma akanionyesha picha ndani ya simu. Mdogo wake anayeishi Kanada amemtumia picha ya uwanja wa nyumba yake: majani mabichi yaliyolingana yote, mbwa mkubwa amelala juu yake, hakuna hata alama ya tope. Lakini si majani ya kweli. Ni gazoni ya plastiki. Mama akasema zamu yake ya likelemba ni mwezi ujao, na ndugu yake anaahidi kuongeza. Ana mbwa wawili wanaolinda duka lake usiku. Wamechimba parseli yote mpaka majani yamekwisha, na mtoto wake wa miaka miwili anashinda katika tope lile lile. Anunue ao asinunue?

Nilimwomba ruhusa nijibu hapa, sababu wenye mbwa na tope ni wengi Mubi.

Kitu chenyewe ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa juu ya zulia lenye matundu. Kilianza kujulikana mwaka 1966 kule Houston, Marekani, katika uwanja wa michezo wenye paa. Jua lilikuwa linawapiga wachezaji machoni kupitia vioo vya paa, wakapaka vioo rangi, majani yakakosa mwanga yakafa, ndipo wakatandika plastiki. Hapa kwetu Kongo, baba zenu wameiona kwenye televisheni, katika uwanja wa TP Mazembe kule Lubumbashi.

Lakini wachezaji hawakojoi pale. Mbwa anakojoa. Mkojo unapita kwenye matundu, unabaki katika mchanga na mawe yaliyotandikwa chini, na jua likipiga harufu inapanda. Kule Kanada mtu anafungua robine, anashika mpira wa maji, anaosha dakika chache. Mavi anaokota kwa mfuko, na yakiwa ya kuharisha yananasa katikati ya nyuzi mpaka usugue. Sasa niambieni, kwetu nani atateka maji ya kuosha uwanja kila siku? Si mbwa, na si baba. Ni mtoto wako wa kike, bidoni ya lita 20 kichwani, juu ya zile anazoteka tayari kwa kupika na kuoga.

Ninasema hivyo sababu nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe. Sikuwa na gazoni, nilikuwa na bashi kuukuu, ile ya kufunika mizigo. Niliitandika mbele ya jikoni ili mbwa asilete tope ndani. Siku tatu nilifurahi. Baada ya majuma mawili niliiinua: chini palikuwa majimaji, peusi, harufu ya kutapisha. Binti yangu aliteka maji siku nzima kwa kusafisha, hakwenda shule siku ile. Mpaka leo ananikumbusha.

Kuna pia bei ya njia. Gazoni ya aina hiyo ina uzito wa kilo 2 mpaka 3 kwa kila meta mraba, kwa hiyo uwanja mdogo wa meta 20 ni kilo 50 hivi. Mnakumbuka tulivyokuwa tunalipa kilo moja ya mzigo wa Goma uliokuwa unashukia Kilambo kwa ndege.

Tuje kwa mtoto, maana ndiye aliyenifanya niandike. Mavi ya mbwa yana mayai ya minyoo. Yale ya minyoo mirefu hayawezi kumwambukiza mtoto siku ile ile. Yanahitaji majuma mawili hivi ao zaidi ndani ya udongo ndipo yakomae, kisha yanaweza kukaa humo miezi mingi, na mtoto anayameza kwa mikono michafu. Safura ya mbwa ina njia nyingine: vibuu vyake vinaanguliwa ndani ya udongo, na baada ya juma moja hivi vinaweza kuingia kwa ngozi ya mguu. Mmekwisha kuona mtoto mwenye mstari mwekundu uliopindapinda kwenye unyayo, anajikuna usiku kucha. Vibuu hivyo vinapenda unyevu na kivuli. Udongo mkavu unaopigwa na jua unaviua.

Kwa hiyo anayeokota mavi kila asubuhi amekata njia kabla minyoo haijawa tayari. Okota kwa jembe, zika shimoni ao tupa chooni, mbali na chemchem na mbali na bustani ya lengalenga. Mama zetu walifagia uwanja mpaka udongo mtupu ili nyoka aonekane. Hawakujua habari za vibuu, lakini jua lilikuwa linawafanyia kazi.

Tope nalo lina dawa yake. Chimba mfereji kuzunguka nyumba. Jaza mahali pa chini kwa udongo mwekundu wenye changarawe, ponda kwa gogo mpaka ugume, na uinamishe sentimeta 2 kwa kila meta 1, maji ya mvua yaelekee mferejini. Ukitaka ubichi, panda vipande vya pasipalumu upande wa barabara, na uvizungushie miti mpaka vishike. Mbwa anachimba mara nyingi kwa kutafuta ubaridi, basi mpe pembe yake: kivuli, shimo la mchanga, maji ndani ya sufuria. Jua likiwaka, mbwa wenyewe hawataki kulala juu ya plastiki, inakuwa moto kuliko majani.

Mtoto mwenye mistari ile ao tumbo lililovimba apelekwe kituo cha afya. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa, daktari wa mifugo akipatikana.

Mama yule alinisikiliza, hakufurahi sana, sababu picha ilikuwa nzuri kweli. Siku ya tano alinipigia. Wamechimba mfereji na watoto wa jirani, na pembe ya mchanga iko tayari nyuma ya choo. Mbwa mdogo amekubali kulala pale. Yule mkubwa angali anarudi mbele ya mlango.