SWETA KUUKUU NA MAJI YA MOTO

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukweli wa methali hiyo huonekana katika nyumba nyingi: sweta ikitoboka viwikoni, mara hugeuzwa kuwa tambara la kufutia sakafu au malalo ya mbwa, na fedha za viazi hutolewa kununua nyingine. Walakini katika nchi ya Kuresoi, ambayo sehemu yake kubwa iko juu zaidi ya meta 2,400 kutoka usawa wa bahari, na ambako baridi ya Julai huingia hata ndani ya blanketi, sufu si kitu cha kutupwa. Sweta iliyochakaa yaweza kumfaa mwenyewe miaka mingine mingi, si mwilini, bali jikoni, kitandani na ndani ya viatu.

Siri yake ni jambo ambalo akina mama wengi wamelijua kwa hasara. Sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu, hurudi. Huwa nene na ndogo, hata mtu mzima hawezi kuivaa tena. Sababu ni hii. Kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho matupu. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke, na msuguano huzisogeza nyuzi zikaingiliana. Magamba hukamatana, wala hayaachani tena. Kitambaa kipatikanacho huitwa felti. Kikikatwa kwa mkasi hakifumuki, kwa hiyo hakina haja ya kupindwa. Na hewa iliyofungwa ndani yake huzuia joto lisipotee upesi. Wachungaji wa Asia ya Kati wametengeneza mahema na mazulia kwa felti tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, bila mashine yoyote.

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali ya Kenya ilipolegeza masharti ya biashara ya nchi za nje, nguo za mitumba zimeenea kila soko, na miongoni mwake hupatikana sweta za sufu zenye tundu au zilizokwisha kurudi, ambazo wanunuzi huzipita. Hizo ndizo zitakiwazo. Lakini si kila sweta ni ya sufu. Nyingi za sare za shule hufumwa kwa akriliki, yaani nyuzi za kiwandani. Hizo hata zikichemshwa kutwa nzima hazitakuwa felti, na kuni zitakuwa zimepotea bure.

Mtu na asome kibandiko kilicho ndani ya ukosi. Ikiwa kimekatwa, achomoe uzi mfupi, aushike kwa koleo na kuuchoma mbali na nguo nyingine. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu. Tena iko sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine bila kurudi. Hiyo nayo haifai, wala moto hauitambulishi. Kwa hiyo yafaa kujaribu kwanza kipande kidogo cha mkono wa sweta kabla ya kuwasha moto mkubwa.

Sweta kadhaa zifanyiwe kazi siku moja, ili maji yapashwe mara moja tu. Zikatwe penye mishono, vifungo na zipu vitolewe, na za rangi nzito zitengwe na nyeupe. Maji yawe ya moto kadiri mkono wenye glavu ya mpira uwezavyo kustahimili. Si lazima yachemke. Kipande kitiwe katika karai, kipakwe sabuni ya mche, kisuguliwe juu ya ubao wa kufulia, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kikigeuzwa kila upande. Vitanzi vya ufumaji visipoonekana tena, felti imekuwa tayari. Kisuuzwe kwa maji baridi, kikamuliwe ndani ya taulo, na kitandazwe kivulini. Kwa kuwa kitambaa hupungua mara nyingi robo au hata theluthi, vipimo vichukuliwe baada ya kukauka, si kabla.

Matumizi ni mengi: soli za ndani za buti za mpira, vishikio vya sufuria, na mfarishi wa viraka vilivyounganishwa kando kwa kando. Lakini kwa watu wa Kuresoi lililo bora kuliko yote ni kapu la kupikia bila moto. Kwa ajili ya kimo cha nchi hiyo, maji huchemka kwenye joto la digrii 92 hivi, badala ya 100 kama ilivyo Mombasa. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva na kula kuni nyingi. Na kuni hizo hupunguza miti karibu na Msitu wa Mau, ambamo mito ya Mara na Sondu huanzia.

Basi na lipatikane kapu kubwa lililosukwa. Tabaka mbili au tatu za felti ziwekwe katikati ya vitambaa viwili vya pamba, zishonwe pamoja kwa mistari ipitayo pande zote mbili, na mfarishi huo uzungushwe ndani ya kapu, chini na ubavuni. Mto uliojazwa vipande vilivyobaki uwe kifuniko. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemshwe kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vema, itiwe kapuni, ambamo yataendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Yakitolewa yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Kapu lisiwekwe karibu na moto, na mfarishi uanikwe juani mara kwa mara ili nondo wasiingie.

Vikundi vya akina mama vitakavyo kuuza kazi hiyo vimwambie mnunuzi kwamba ni sufu iliyotumika, wala visichanganye na akriliki. Mnunuzi aliyeambiwa kweli hurudi mwaka wa pili. Aliyedanganywa huwaonya na jirani zake. Na mwenye nyumba asiye na nia ya kuuza chochote ataiona faida mwenyewe, rundo la kuni litakapodumu siku nyingi kuliko lilivyozoea kudumu.