UZI: Usimpe mtu mbwa kwa sababu tu amesema "nipe mimi"

1/
Mnakumbuka niliweka picha ya mtoto wa mbwa niliyemwokota hapa Tunduma, nikauliza nani anamtaka? Walijitokeza watu 11. Wanne walijitoa wenyewe, sita niliwakatalia, mmoja nikampa. Tangu hapo nasemwa: "Sista ana maringo, mbwa wa barabarani anamfanyia usaili kama wa ajira." Ni kweli, nilifanya usaili. Leo naeleza kwa nini. Soma mpaka mwisho hata kama hupendi mbwa. Hasa kama hupendi mbwa.

2/
Nilitoka zamu ya usiku, asubuhi mapema, foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia imesimama kama kawaida yetu. Chini ya tela moja kuna kitu kimejikunja pembeni ya tairi. Utingo akaniambia, "Sista, gari likisogea huyo ni chapati." Nikamfunika kwa kanga, nikamweka kwenye boksi la biskuti. Jike, kama miezi mitatu hivi, mbavu nje, tumbo limejaa minyoo, masikioni kupe watupu. Nikamwita Foleni.

Sikumbusu, sikumwacha anilambe. Nilivaa glavu, na nyumbani nikamtenga na watoto. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa, udogo wake haumlindi.

3/
Sasa nikwambie ninachokibeba kichwani. Niliwahi kumhudumia mtoto mwenye kichaa cha mbwa. Sitasema wapi wala lini. Aliumwa mguuni wiki kadhaa nyuma, wazazi wakapaka mafuta, kidonda kikapona vizuri tu. Alipoletwa kwetu alikuwa na kiu kali, na alikuwa anaogopa kikombe. Upepo wa dirishani tu ulimfanya ashtuke mwili mzima. Dalili zikishaanza hatuna tiba. Tunampunguzia mateso, tunakaa naye, basi.

Nilimuuliza baba yake kuhusu yule mbwa. Alikuwa wa nani? Amechanjwa? Akanijibu: "Hatujui sista. Tulipewa tu."

Jirani alikuwa anahama, mbwa hana pa kumweka, akawaachia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Mmoja alitoa kwa huruma, mwingine akapokea kwa huruma. "Tulipewa tu." Hayo maneno mawili ndiyo yamenifanya niwe mgumu hivi.

4/
Duniani inakadiriwa watu wapatao 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi sana ni wa Afrika na Asia. Hapa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama 1,500 kwa mwaka. Karibu wote waliumwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Na ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Kinachouma ni hicho.

5/
Kwa hiyo kitu cha kwanza kwa Foleni hakikuwa kutafuta mtu wa kumchukua. Nilikwenda kwa afisa mifugo. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chanjo ya kichaa, cheti chenye tarehe. Kwa kawaida chanjo hiyo inaanza mbwa akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka. Kinga haijengeki siku ileile, inachukua wiki kadhaa, na mbwa wa kuokota anaweza kuwa tayari ana virusi bila kuonyesha dalili. Nikakaa naye, namwangalia. Anakula? Anameza? Tabia imebadilika? Usidhani mbwa mwenye kichaa lazima awe anakimbiza watu. Wengine wanapoa, taya linalegea, mate yanatoka, mtu anadhani mfupa umemkwama, anaingiza mkono mdomoni.

Kanuni yangu ni hii: chanja kwanza, toa baadaye. Usitoe kwa ahadi ya "nitamchanja mwenyewe nikifika".

6/
Kwa nini nashikilia hivyo? Angalia Pemba. Walianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikarudi, na watafiti waliofuatilia virusi wakaona vimeingia kutoka nje ya kisiwa. Mbwa haogelei kutoka bara mpaka Pemba. Walichanja tena kwa nguvu, na kufikia 2018 kikaondoka tena.

Sasa sisi siyo kisiwa. Huku Songwe mbwa anapanda lori, anapanda bodaboda, anavuka kwenda Nakonde kwa miguu bila hata kusalimia askari. Ukimpa mtu mbwa umemhamisha mnyama, na alichonacho kwenye damu na mate kinahama naye. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Wewe unayemtoa mbwa mmoja aliyechanjwa, umeongeza mmoja kwenye hao 70. Ukimtoa hajachanjwa, umehamisha tatizo mtaa mwingine.

7/
Haya, tuje kwa walioomba. Wanne walikata tamaa waliposikia ni jike. "Hapana sista, majike yanazaa tu." Nawaelewa, ila hilo ndilo linalojaza majike dampo na stendi. Dume linachukuliwa, jike linatupwa, linazaa hukohuko, na wewe unalalamika mbwa wamekuwa wengi mtaani. Jike anaweza kuingia kwenye joto kuanzia miezi sita hivi, na mimba yake ni kama miezi miwili tu. Dawa yake ni daktari wa mifugo kumfunga kizazi. Ni operesheni kamili, tafuta daktari mwenye vifaa, siyo fundi wa mtaani mwenye wembe.

8/
Wa kwanza niliyemkatalia ana yadi ya malori. Anataka mbwa mkali: "Mchana namfunga mnyororo, usiku namwachia, chakula kidogo ili awe na hasira." Mbwa wa hivyo halindi, ana njaa na hofu, na siku mnyororo ukikatika atamuuma mtoto anayepita kwenda shule. Mbwa wa ulinzi ni yule anayekujua wewe na kumshangaa mgeni. Halafu kwa taarifa yako, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama siyo siri yako ya ndani ya geti.

Wa pili alitaka kumuuza ng'ambo. Wa tatu alisema atatuma bodaboda amchukue, yeye hana muda wa kuja. Kama huna muda wa kuja kumwona siku moja, utaupata wapi wa miaka 10?

Wa nne alitaka zawadi ya mtoto wake wa miaka minne. Huyo mtoto hajui bado kwamba mbwa akiwa anakula haguswi. Mwenye mbwa awe mtu mzima, mtoto awe rafiki.

9/
Wa tano aliniumiza kidogo. Dada mpole, anapenda wanyama kweli. Ila amepanga chumba kimoja, nyumba ina wapangaji sita, bomba moja, ua mmoja, mwenye nyumba hajaambiwa. Wapangaji wawili ni Waislamu wanaoswali nyumbani, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Nao wana haki zao. Mbwa asiyetakiwa na ua mzima atapigwa mawe ukiwa kazini, au utakuta amewekewa sumu. Nilimwambia: ukipata sehemu yako, njoo.

10/
Wa sita ndiye aliyenikosesha usingizi. Kijana wa darasa la sita, alitembea kutoka Chapwa mara mbili kuja kumwona Foleni. Mara ya pili alimletea dagaa kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia aje na mzazi. Baba yake alikuja, mtu mstaarabu, akanisalimia vizuri, akasema: "Sista, mimi mbwa simtaki kwangu. Huyu atalia siku mbili atasahau."

Ningeweza kumpa yule mtoto kwa siri. Angefurahi jioni moja. Asubuhi baba angemtupa mbwa, na mtoto angejifunza kwamba ukipenda kitu kinatupwa. Niliwaaga wote wawili. Sina uhakika kama nilimfariji vya kutosha, mpaka leo nakumbuka ule mfuko wa dagaa.

11/
Najua mnachosema: "Watu wenyewe wanakosa dawa, wewe unahangaika na mbwa." Mdau, mimi kazi yangu ni watu, na nahangaika kwa sababu ya watu. Chanjo ya mbwa ni sindano moja kwa mwaka. Binadamu akiumwa anahitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, siyo za bei ndogo, na siyo kila zahanati inazo. Mtu wa bondeni kule Kamsamba akiumwa, nauli peke yake ni mtihani. Piga hesabu mwenyewe.

Na wengine: "Ukichagua sana atarudi barabarani." Inawezekana. Nami sina uwezo wa kuokota kila mbwa wa Tunduma. Lakini huyu mmoja niliyemshika, nikimpa mtu asiyefaa atarudi barabarani vilevile, safari hii mkubwa, mwoga na mwenye mimba.

12/
Aliyempata ni mama mmoja wa upande wa Mpemba, anauza chakula, ana ua wa michongoma na kuku wachache. Hakusema "nipe mimi". Alianza kuniuliza: Anakula nini? Sindano nyingine lini? Anaua kuku? Nikisafiri kwenda Vwawa kwa mwanangu nimwachie nani? Akija kupata joto tunafanyaje? Nikajua hapo hapo. Anayeuliza maswali ameshaanza kuishi na huyo mbwa kichwani kabla hajamchukua.

Nilikwenda kwake kabla ya kumpeleka, nikaongea na majirani. Tukapatana wiki mbili za majaribio, na sharti moja: akishindwa, amrudishe kwangu, hata saa nane usiku, asimtupe. Cheti cha chanjo nikamkabidhi mkononi.

13/
Kwa hiyo wewe mwenye mbwa wa kutoa, jiulize haya kabla hujamkabidhi:
- Amechanjwa, na cheti kipo?
- Anakwenda kwa mtu mzima, na wote wa nyumba wanajua?
- Mwenye nyumba na majirani wameridhia?
- Atalala wapi, atakula nini, nani atabaki naye?
- Kama ni jike, mpango wa uzazi ni upi?
- Wakishindwa, anarudi kwa nani?

Jibu likiwa "tutaona huko mbele", subiri.

Na ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mdogo, hata wa kwako: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha njoo hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta, tumbaku wala dawa ya mtaani. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

14/
Juzi nilipita Mpemba. Foleni amenenepa, amelala chini ya benchi la wateja, kuku wanampita mgongoni. Alinibwekea. Mama akacheka, akasema, "Samahani sista, siku hizi hakujui." Nimeondoka na furaha yangu.

Jirani yako akimuuliza mama yule kuhusu huyo mbwa, hatajibu "nilipewa tu". Atatoa cheti. Nawatakia zamu njema wenzangu wa usiku. Uzi ujao tutaongea kuhusu vidonda vya kuungua na mafuta ya breki.