Pompi isikufe juu ya fishi ya dola chache



Koperative ikipata pompi ya jua, tunahesabu plaki, tunahesabu bomba, tunapiga picha. Hakuna mutu anauliza: waya zimeunganishwa na nini? Kwangu mimi, swali hiyo njo ingekuwa ya kwanza.

Kwetu katika bonde la Ruzizi, pompi yetu ilisimama mwezi wa saba, wakati mvua hakuna na nyanya ziko zinatoa maua. Siku nane bila maji. Wengine walisema pompi imekufa, wengine wakasema mutunza feza amekula makuta ya matengenezo. Fundi alipofika, alipita nyuma ya plaki, akarudi na kipande cha waya mukononi: shaba imekuwa kijani, plastiki imeyeyuka. Wale waliotufungia walikuwa wamesokota waya kwa mikono, wakazungushia sashe na skochi. Pompi ilikuwa muzima. Nyanya njo zilikuwa zimekauka, na mutunza feza alikwisha kutukanwa bure.

Maneno yenyewe si ya uchawi. Maji ikifika kwenye shaba, inaleta kutu. Kutu inazuia umeme kupita vizuri, na pale umeme unapopita kwa shida panapata moto. Moto inaharibu na kulegeza kiungo, kiungo kikilegea moto inazidi. Majani makavu yakiwa karibu, shamba linaweza kuwaka.

Fishi ya kukaa nje huwa na alama, kwa mufano IP67. Ile 6 inasema vumbi haiingii. Ile 7 inasema inaweza kuzama katika maji ya metre 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Lakini ni wakati dume na jike zimefungana sawasawa. Ikibaki wazi bila kifuniko, alama hiyo haina faida: vumbi na sisimizi wanajiingilia.

Kwenye plaki, fishi inayojulikana sana ni MC4. Angalieni: dume ya kampuni moja inaweza kuingia katika jike ya kampuni ingine, hata ikalia «ka», na bado ndani hazigusane vizuri. Nunueni zote mbili za kampuni moja. Zifungwe na koleo yake ya kubana, si kwa meno. Zisilale katika matope. Zifungwe chini ya plaki, mahali mvua na jua havifiki. Na musichomoe hata siku moja wakati pompi inatembea, sababu umeme wa plaki unaruka cheche kali. Muzime kwanza.

Najua mutaniambia: feza hakuna. Lakini pea moja nzuri ni dola chache. Sisi tulipoteza mavuno ya msimu muzima, na ndugu wawili mupaka leo hawasalimiane. Hiyo tuihesabu dola ngapi?

Kwa mashirika yanayotusaidia, nasema bila kuogopa hata kama gazeti hii ni yao: siku ya kukabizi pompi, musituachie paka ufunguo na kibao chenye jina lenu. Mutuachie koleo ya kubana, pea tano za akiba, na vijana wawili wa kijiji waliofundishwa kuzifunga. Bila hiyo, kamati isitie sahihi. Kukataa kazi mbaya si kukosa shukrani.

Sisi tumekata shauri: kila mwezi wa tisa, mbele ya mvua, na kila mwezi wa tano, mbele ya kiangazi, pompi inazimwa na kila fishi inaangaliwa moja moja. Yenye kugeuka rangi ao kulegea inatoka siku ileile. Ni kazi ya asubuhi moja. Na nyinyi, fishi zenu munaziangalia wakati gani?