STAA KAENDA CYPRUS KULA JIBINI LA BIBI KIJIJINI: MSHAMBA NI NANI HAPO?

Wiki hii povu limewatoka watu mitandaoni, kisa staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, jina kapuni. Dada kapaa zake hadi Cyprus, kile kisiwa cha Bahari ya Mediterania, na mashabiki walikaa mkao wa kula wakisubiri picha za boti na za klabu za Ayia Napa. Wapi! Kaposti basi dogo la watalii linapanda mlima, vijumba vya mawe, mbuzi, na bibi kizee kajifunga kitambaa kichwani anakoroga sufuria la maziwa.

Komenti zikashuka kama mvua ya masika. "Yaani upande ndege kote huko ukaangalie kijiji? Si ungeenda kwenu tu bure?" Mwingine akadai mkwanja umekata ndiyo maana dada kakimbilia ziara ya bei chee.

Haya wadau, ukweli usemwe. Kwenye hilo dada hana kosa hata kidogo.

Mchanga mweupe na maji ya bluu Bongo vipo vya kumwaga. Mtu wa Dar haitaji pasipoti ili aote jua. Cyprus yenyewe, ile ambayo huipati kwingine, iko juu kwenye milima ya Troodos, ambayo kilele chake kina mita 1,952 na baridi ikiingia kinashika theluji. Huko ndiko kuna kijiji cha Lefkara, ambako akina mama wanadarizi vitambaa kwa mkono, kazi iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009. Kuna Omodos, kijiji cha zabibu chenye vichochoro vya mawe na monasteri katikati. Ziara nyingine zinafika hadi monasteri ya Kykkos, jirani na kaburi la Askofu Mkuu Makarios III, rais wa kwanza wa Cyprus baada ya Mwingereza kuondoka mwaka 1960. Jina la huyo mzee lipo hadi leo kwenye seminari ya Waorthodoksi pale Riruta, Nairobi. Ukilala ufukweni siku nzima, nani atakusimulia hayo?

Njoo kwenye msosi sasa. Lile sufuria la bibi lililochekwa ndimo linamotoka halloumi, jibini la maziwa ya mbuzi na kondoo. Maziwa yanagandishwa, yanakamuliwa, halafu vipande vinachemshwa tena kwenye yale maji yaliyobaki. Vinatiwa chumvi na nanaa, vinakunjwa katikati. Ukiliweka kwenye jiko la mkaa haliyeyuki, linabadilika rangi tu kama muhogo wa kuchoma. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo, jibini la kutengenezwa nje ya Cyprus haliruhusiwi kuuzwa huko kwa jina la halloumi. Yaani kile ambacho komenti zinakiita "mambo ya kijijini" kina ulinzi wa sheria kuliko nyimbo za wasanii wengi wa hapa.

Halafu kuna meze, ambayo siyo sahani moja. Vinaletwa visahani vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, mpaka unaomba poo. Kuna kleftiko, nyama ya kondoo inayookwa taratibu masaa kibao kwenye tanuri lililozibwa. Jina linatokana na neno la wezi, maana hadithi inasema wezi wa mifugo walikuwa wanaizika ili moshi usiwachome. Meza kama hiyo ukiwa na mtu wa kukueleza ni darasa tosha.

Na pesa nayo ina mengi ya kusema. Vijana wengi wa vijiji hivyo wameshahamia Nicosia na Limassol kutafuta maisha, wamebaki wazee. Basi la watalii likisimama, bibi anauza jibini, mama anauza kitambaa, mgahawa wa familia unapata wateja. Anayelala kwenye hoteli kubwa siku saba bila kutoka hajamwachia yule bibi hata senti.

Ila sasa, dada naye asipewe maua yote. Kuna video moja aliyoposti jioni ile, na hapo ndipo alipochemka. Anatafuna halloumi, anacheka kwamba inalia mdomoni kama raba, kisha kamera inavutwa mpaka kwenye vidole vya bibi vilivyokunjamana, na chini kaweka vikatuni vya kucheka. Bibi wa watu anatabasamu tu, lugha haelewi, anadhani anasifiwa. Watu maelfu wamemcheka mzee ambaye alichofanya ni kumkaribisha mgeni.

Geuza upande wa pili uone. Mzungu anakuja Zanzibar, anapelekwa kwenye shamba la viungo, anaonja karafuu kwa mkulima, halafu anamrekodi bibi wa Kiunguja na kuandika utani juu ya mikono yake. Bongo nzima ingewaka, na wa kwanza kuandika "ubaguzi" angekuwa huyo huyo dada. Heshima unayoidai nyumbani kwako ukaipeleke na kwa mwenzio. Kumuuliza mtu kama unaweza kumpiga picha hakuhitaji Kigiriki, unanyanyua simu, unaonyesha kwa ishara, unasubiri akubali.

Kuna wanaosema ziara hizi ni maigizo tu ya kuwafurahisha watalii. Kidogo ni kweli. Basi lina ratiba, kijiji unakimbizwa, na siyo kila kitambaa kinachoning'inia dukani kimedariziwa na mikono ya Lefkara. Lakini dawa yake ni kuuliza. Muongoza watalii amelipwa kujibu, sasa ukikaa unajipiga selfi njia nzima atamjibu nani? Hata suala la chakula ni hivyo hivyo. Dada alilalamika sahani nyingine zilikuwa na nguruwe na mvinyo. Angesema asubuhi kabla basi halijaondoka angepangiwa mapema, maana huko nguruwe ni kitu cha kawaida mezani na mvinyo wa Commandaria ni fahari ya vijiji vyao.

Kwa hiyo waliomwita mshamba kwa sababu kaenda kijijini wamekosea namba. Kwenda kijijini ni ujanja. Ushamba ni kufika kwenye nyumba ya mtu, kula chakula chake, halafu kumgeuza kiki. Ile video ifutwe, na ile picha nzuri ya sufuria ibaki na maelezo ya kueleweka, watu wajifunze kitu. Mastaa wana wafuasi wengi kuliko walimu, wanachokicheka leo kesho madogo wote wanakicheka.

Wewe unasemaje mdau? Bibi yako angefanyiwa vile, ungecheka? Shusha komenti hapo chini, matusi weka pembeni.