Damu kurudi nyuma si jibu lote
Nadharia ya daktari Sampson ya 1927 kuhusu chanzo cha ugonjwa wa endometriosisi, kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na tishu zake kuota tumboni, haitoshi. Damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi mno, lakini wanaougua endometriosisi ni takriban 1 kati ya 10. Urithi na kinga ya mwili vimo, na homoni ya estrojeni ndiyo inayoulisha ugonjwa huu. Njambi Koikai wa Kenya, aliyefariki 2024, ugonjwa huu ulimfika hadi mapafuni! Huku kwetu Iramba binti akijikunja kwa maumivu huambiwa, “Ukizaa yataisha.” Mama zangu, ugonjwa huohuo unaweza kumzuia asizae. Angalieni Millen Magese, Miss Tanzania 2001, alivyohangaika kupata mtoto.