Jina Kwanza, Dawa Baadaye

Chuoni tunaambiwa kutambua wadudu kwa macho ni kazi ya kizamani. Eti mashine za vinasaba zitatusaidia. Kamwambieni hayo mkulima wa kahawa. Mabungua wawili wa familia moja, Cerambycidae, mbawakawa wenye papasi ndefu, humharibia mibuni kwa njia mbili. Buu wa Monochamus leuconotus huanzia chini, kwenye gome la shina. Wa Dirphya nigricornis huanzia juu, kwenye machipukizi, akashuka ndani ya tawi. Huyu utamwahi ukikata tawi linalonyauka. Kwa yule, umekata bure. Na mashine italinganisha majibu yake na nini, kama si sampuli iliyokwisha kutambuliwa na mtu, ikaandikiwa lebo? Kabla hamjafuta nafasi nyingine ya taksonomia, tuambieni nani ataziandika lebo hizo.